Betri Ikijaa Kabla ya Jioni: Umeme Gani Hasa Umepotea?

Betri ya nyumbani yenye umeme wa jua ikijaa mchana, na mfumo hauruhusiwi kupeleka umeme kwenye gridi, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa matumizi ya nyumbani) huzibana paneli, yaani huzizuia zisizalishe zaidi. Volti za paneli hupanda kuelekea zile za paneli isiyo na mzigo, na wati hushuka hadi zitoshe matumizi ya nyumba tu. Kilichozuiwa hakipiti kwenye mita yoyote, kwa sababu hakikuzalishwa. Hakipimiki, hukadiriwa tu.

Njia iliyozoeleka ni kuzidisha uwezo wa paneli kwa ukali wa jua. Paneli za kilowati 5, uwezo unaopimwa kwenye jua la wati 1,000 kwa mita ya mraba, zikipata wati 900, jibu ni kilowati 4.5, nyumba ikitumia 0.7, inadaiwa 3.8 zimepotea. Hapo chumvi imezidi. Seli zenye joto la nyuzi 55 hupungukiwa takriban asilimia 10, na vumbi, nyaya na inveta huweza kula nyingine 10. Ambazo zingezalishwa kweli ni kama 3.6, hivyo kilichozuiwa ni 2.9. Kosa hilo la kilowati 0.9 likiendelea kwa muda wa saa nne, ni uniti (kilowati-saa) 3.6 za kubuni.

Wapinzani wa hesabu hufunga paneli ndogo ya mfano, yenye mzigo wake usiokoma. Hiyo huona mawingu na joto lilelile, ila kivuli cha tawi kikiiangukia yenyewe, makadirio yote yanaporomoka. Afadhali hesabu iliyosahihishwa: tafuta siku ambayo betri haikujaa, gawanya wati halisi kwa wati za hesabu saa ileile, kisha tumia uwiano huo. Uwiano wa asubuhi, seli zikiwa bado baridi, usiubebe hadi mchana.

Usisubiri asilimia 100 ndipo uanze kuhesabu. Betri ya asidi hupunguza mkondo mapema, na ya lithiamu hubanwa na mfumo wake wa ulinzi inapokaribia kujaa. Angalia kumbukumbu za kila dakika tano: wati zikishuka huku volti za paneli zikipanda, ni kubanwa, wati zikishuka na volti zikabaki karibu palepale, ni wingu.

Hata makadirio sahihi hayatoshi kuhalalisha betri ya pili. Zikizuiwa uniti 11 lakini usiku mnanunua 3 tu, itaokoa hizo 3, tena baada ya kuzichajia kwa zaidi kidogo. Kuhamishia hita ya maji saa saba mchana kunaweza kuokoa sehemu ya hizo 3 bila kununua kitu.