Bonde la Msimbazi: Nani Abaki, Nani Ahame

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha humwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Salender. Katika bonde hilo jiji la Dar es Salaam limejenga nyumba, gereji, bustani za mchicha na hata karakana ya mabasi ya mwendokasi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na tangu hapo kila msimu wa mvua huturudisha kwenye swali lile lile: ardhi hii ni ya nani?

Wanaotaka bonde liachwe wazi wana hoja nzito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sababu yake inaonekana kwa macho. Udongo unaosombwa kutoka vilimani, ambako miti imekatwa kwa mkaa na kwa viwanja, hushuka na kujaa pale Jangwani, mto ukapoteza kina. Nyumba na vifusi navyo vikaliziba eneo ambalo maji yalizoea kutawanyika na kutulia. Taka na majitaka huishia kwenye mikoko ya mlangoni mwa mto. Kwa hiyo kumwacha mtu ajenge humo ni kumweka yeye hatarini, na pia ni kuyasukuma maji yaingie kwa jirani yake.

Hata hivyo, siwezi kukubaliana na wanaosema wakazi wa mabondeni ni wakaidi tu. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu wasiofikia 900,000 mkoani Dar es Salaam; ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Upimaji wa viwanja haukwenda na kasi hiyo, na vilivyopimwa vilikuwa mbali, kwa bei ambayo mama ntilie au mbeba mizigo wa Kariakoo haimudu. Bondeni, mtu huyo hufika kazini kwa miguu. Ndiyo maana baada ya mafuriko ya 2011, baadhi ya waliopewa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji, waliviuza na kurudi walikotoka. Walipata ardhi, lakini riziki yao ilibaki Kariakoo, na nauli ya kila siku iliimaliza. Bomoabomoa iliyoanza Desemba 2015 ilivunja kuta bila kuligusa tatizo hilo. Tena ni vigumu kumwambia mkazi kwamba bonde halijengeki wakati Serikali yenyewe iliweka karakana yake Jangwani, na maji yakaingia humo mara kwa mara.

Mradi mkubwa wa uendelezaji wa bonde, ambao Benki ya Dunia ni mfadhili wake mkuu, unakusudia kupanua njia ya maji, kujenga daraja jipya Jangwani, kuhamisha karakana, kuweka bustani ya jiji na kuinua baadhi ya kingo ili zijengwe. Ninauunga mkono, kwa sababu unaupa mto nafasi yake kabla ya kugawa iliyobaki. Wasiwasi wangu uko kwenye hizo kingo zitakazoinuliwa. Zitakuwa katikati ya jiji, salama dhidi ya maji na jirani na bustani, kwa hiyo thamani yake itapanda sana, na uchumi utazidai kwa ajili ya maduka na maghorofa. Fidia ya nyumba ya matofali ya saruji isiyo na hati hainunui chumba hapo. Sehemu ya majengo hayo ikitengwa kwa nyumba za kupanga za bei nafuu, na waliohamishwa wakapewa nafasi ya kwanza, bonde litawahudumia hata waliolilipia kwa kuondoka. Lililobaki liko Pugu: bila kulinda misitu na kuzuia ujenzi kwenye miteremko ya huko juu, udongo utaendelea kushuka, na njia mpya ya maji itahitaji kuchimbuliwa upya kila mvua inapopita.