Stanley na damu ya Bumbire

Mwaka 2021 wakazi wa Denbigh, mji wa Wales alikozaliwa Henry Morton Stanley, mvumbuzi wa karne ya 19 aliyesafiri Afrika, walipigia kura sanamu yake, na wengi wakataka ibaki. Ile ya Kinshasa iling'olewa tangu enzi za Mobutu.

Wanaomtetea wana hoja. Alikulia katika nyumba ya maskini, hana wa kumlea. Kati ya 1874 na 1877 alivuka Afrika kutoka Bagamoyo hadi Boma, karibu na mlango wa mto Kongo. Alilizunguka Ziwa Victoria kwa mashua yake, Lady Alice, iliyofika huko vipande vipande mabegani mwa wapagazi, kisha akaufuata mto Lualaba mpaka ikajulikana kuwa ndio Kongo, si Nile kama Livingstone alivyodhani. Wazungu watatu alioondoka nao walikufa wote. Wapagazi walionusurika hakuwatelekeza. Alirudi nao kwa meli hadi Unguja.

Lakini mimi siwezi kuipita Bumbire, kisiwa kilichopo Muleba, mkoani Kagera. Aprili 1875 Stanley alifika hapo akitafuta chakula. Wenyeji wakaiburuta mashua nchi kavu na kuchukua makasia, naye akaponea chupuchupu, watu wake wakipiga kasia kwa mbao walizozing'oa humo humo mashuani. Siku hiyo alikuwa na haki ya kujitetea, nakubali. Agosti alirudi na bunduki na mitumbwi ya wapiganaji wa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, akakaa majini, akawamiminia risasi watu waliokuwa ufukweni na mikuki na mishale yao. Makumi walikufa. Hicho kilikuwa kisasi kilichopangwa, na tunakijua kwa kuwa yeye mwenyewe alikiandika akakituma magazetini.

Husemwa tusimpime kwa mizani ya leo. Haya, tutumie ya wakati wake: 1876, huko London, Henry Yule na Henry Hyndman walimshutumu hadharani kwa mauaji hayo. Walikuwa Waingereza wa zama zake.

Suala la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ni gumu zaidi. Stanley alimtumikia kuanzia 1879, akajenga vituo na kukusanya mikataba ya machifu ambayo mfalme aliitumia kudai nchi nzima ya Kongo. Aliondoka 1884, kabla ya ukatili wa kuwalazimisha Wakongo kuvuna mpira, ambapo watu walikatwa mikono, kwa hiyo mikono iliyokatwa simtwishi yeye moja kwa moja. Njia ya kuifikia, hata hivyo, aliichonga yeye.

Mvumbuzi hodari, ndiyo. Shujaa, simwiti. Na kinachoniuma ni kwamba pande zote mbili humzungumzia yeye tu. Uledi, mshika usukani wa Lady Alice, aliwaokoa wenzake kadhaa waliokuwa wakizama Kongo. Alipohukumiwa viboko kwa kuiba shanga, nduguye Shumari na binamu yake Saywa walijitolea kuchapwa kwa niaba yake, Stanley akamsamehe. Watu hao ndio waliobeba safari ile, na sanamu ya Uledi hakuna aliyeipigia kura popote.