Unakwenda nayo wapi? Duka la baiskeli, fundi na mteja mjini Moshi

Pedali ya kushoto ilinitoka mguuni nikiwa napandisha kuelekea hospitali ya KCMC, siku ya kumi na mbili tangu niitoe baiskeli dukani. Haikuvunjika. Ilichomoka nzima, ikabingirika hadi mtaroni, na pale inapoingia kwenye krenki, ule mkono unaoishika, thredi za kukazia zilikuwa zimeliwa zote, aluminiamu imebaki chenga chenga. Nikaisukuma mpaka dukani, jirani na soko la Mbuyuni.

"Hiyo ongea na fundi, kaka. Sisi hapa tunauza tu," kijana wa kaunta aliniambia, macho yake kwenye simu.

Fundi mwenyewe hayuko mbali. Ana mwavuli, benchi na sanduku la spana hatua nane kutoka mlango wa duka, na ndiye aliyeifunga ile baiskeli nikiwa nimesimama hapo hapo. Akaipokea pedali, akaigeuza, akanirudishia. "Mimi nafunga kilichotoka kwenye boksi, bosi. Mali za siku hizi laini. Waambie wakubadilishie."

Hatua nane. Asubuhi ile nilizitembea mara nne.

Ukianzisha habari za maduka ya baiskeli hapa Moshi, mazungumzo huishia kwenye sura za wauzaji. Hawasalimii, hawachangamki, ukiuliza bei unajibiwa kama mtu aliyekuja kukopa. Siyapuuzi hayo. Lakini nadhani tunachanganya ukarimu na uwajibikaji, halafu tunapigania ule wa kwanza kwa sababu unaonekana kwa macho. Kijana yule angenikaribisha kwa soda baridi, krenki yangu ingebaki imekufa vile vile. Na kuna mzee mmoja wa spea kule Majengo ambaye sijawahi kuona meno yake. Nikimwamkia ananiitikia marahaba kwa pua, lakini ananipa tairi niende nikaijaribu kwenye rimu kwanza, hela nitaleta jioni. Nani kati ya hao wawili ana huduma mbovu?

Turudi kwenye pedali, maana kesi yote imo humo. Pedali ya kushoto ya baiskeli ina thredi za kinyume. Ya kulia hukazwa kama nati yoyote, ya kushoto hukazwa kwa kuizungusha upande wa pili, ili mzunguko wa mguu usiilegeze kidogo kidogo njiani. Ndiyo maana pedali zinaandikwa L na R kwenye ncha ya chuma chake. Njia rahisi ya kukumbuka: spana ikiwa juu, zote mbili hukazwa kwa kuivuta kuelekea gurudumu la mbele. Baiskeli mpya huja kwenye boksi ikiwa nusu imefungwa, yaani gurudumu la mbele, usukani, kiti na pedali vimewekwa pembeni, na mtu wa kuvirudisha ni fundi wa mwavuli anayelipwa kwa kila baiskeli anayoikamilisha. Hana mshahara wa duka. Akifunga mbili asubuhi anakula kwa mbili. Sasa pedali ikiingia upande kidogo, chuma kikagoma, fundi mwenye haraka anaongeza nguvu badala ya kuitoa na kuanza upya. Chuma cha pedali ni kigumu, krenki ya aluminiamu ni laini, na mshindi anajulikana. Kwa siku kadhaa utaendesha na usione kitu.

Kwa hiyo fundi alikosea? Kwa maoni yangu, ndiyo. Lakini haraka yake imetengenezwa na mpangilio ambao duka linaufaidi: mali inatoka dukani imekamilika, lawama inabaki chini ya mwavuli. Mteja anaona biashara moja. Wenyewe wanajiona wawili kila baiskeli inaporudi, na mmoja kila inapouzwa.

Haya, upande wa duka. Nilikaa na mwenye duka moja la mtaa wa pili, mzee wa heshima zake, nikamsikiliza mpaka chai ikapoa, na sikuweza kumwambia kuwa anaongopa. Mteja anaingia na winga, yule dalali wa mtaani. Winga ana chake, na chake kinatoka kwenye ile ile bei. Mteja anaomba punguzo mara ya kwanza, anapewa. Anaomba la pili, anatoka nje kama anaondoka, anaitwa. Akishafika kwenye "bei ya mwisho mangi", anataka tena kengele, pampu na kufuli vya bure. Baada ya wiki tatu anarudi na gurudumu la nyuma limepinda kama karai. Anasema alikuwa anakwenda kazini tu. Ukiangalia keria unakuta nyuzi za mgomba zimenasa kwenye spoku.

Hapo mzee ana hoja nzito. Baiskeli Kilimanjaro ni kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha asiye na kirikuu. Ng'ombe wengi kule juu wanafugwa ndani, na majani yao yanakatwa tambarare na kupandishwa, mzigo umefunika baiskeli nzima na mwenyewe anasukuma kwa pembeni. Ndizi zinashuka, majani yanapanda. Kwa kazi hiyo baiskeli nyeusi za chuma, Phoenix ya Kichina au zile za Ludhiana kule India kama Hero na Avon, zilijengwa kubeba: fremu nzito, keria ya chuma, breki za vyuma badala ya nyaya. Ukichukua "maunteni" ya rangi za kung'aa yenye shoki mbele ukaipandishia mikungu mitatu, umeomba kesi. Muuzaji alipe gurudumu lile kwa lipi?

Kwa lile swali ambalo hakuuliza, ndivyo nilivyomjibu mzee. Unakwenda nayo wapi?

Mji huu umekaa kwenye mteremko. Anayeishi Pasua na kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya TPC anaendesha tambarare, na baiskeli isiyo na gia inamtosha miaka yote. Anayeishi Kibosho na kushuka mjini kila siku anahitaji mambo mengine kabisa: gia ndogo ya kurudia nyumbani jioni na, muhimu kuliko gia, breki za kumshusha salama asubuhi ya mvua. Hao wawili wakiingia duka moja, wanaulizwa kitu kimoja tu: una shilingi ngapi? Hapo ndipo naona huduma inapokosekana, si kwenye kununa. Dada yangu alipokwenda kumnunulia mwanawe nilimsindikiza. Muuzaji akaongea na mimi mwanzo hadi mwisho, akamwonyesha dada ya kikapu cha mbele ilhali mwenye kuiendesha ni mvulana wa darasa la saba anayepanda Uru. Dada ndiye aliyeshika pochi. Tulitoka bila kununua, na nina hakika yule bwana bado anaamini tulishindwa bei.

Sheria nayo, kumbe, inalijali swali hilo hilo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayotaka kuifanyia bidhaa, akaonyesha kuwa anategemea ujuzi wake, na muuzaji ndiyo biashara yake hiyo, basi bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo hata kama neno "garantii" halikutamkwa. Ila ukitaka kitu kwa jina lake la biashara, "nipe ile ile Phoenix," kinga hiyo inapungua, maana umechagua mwenyewe. Na ukiikagua bidhaa kabla ya kuichukua, huwezi kuja kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ule ulipaswa kuionyesha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, nayo ina sehemu ya masharti yanayohesabiwa kuwamo kwenye mkataba wa mlaji hata yasipoandikwa. Ile mihuri ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" haina ubavu wa kufuta kazi ya Bunge.

Yote hayo ni mazuri kwenye karatasi, na nani atafungua kesi kwa krenki? Nayataja kwa sababu yanaonyesha mzigo umegawanywa vipi. Mteja aliyesema wazi "nabebea majani, nakaa Uru" amejijengea kinga. Aliyesema "naenda nayo kazini tu" ili asiuziwe ghali ameibomoa kwa mdomo wake, na wateja wa namna hiyo ni wengi kuliko tunavyokubali. Nami nimo. Siku nanunua sikumwambia mtu kuwa napanda KCMC mara mbili kwa siku. Nilikuwa nimeshughulika na kukatwa elfu kumi ya mwisho, na nilikatwa, nikaona nimeshinda. Leo ningemwachia elfu kumi yake, halafu nikadai nirudi baada ya wiki mbili fundi akaze spoku, nyaya za breki na pedali kwa gharama ya duka. Nyaya mpya hulegea na spoku mpya hutulia, kwa hiyo baiskeli yoyote mpya huhitaji kupitiwa tena mapema. Lakini sijamsikia mteja akilipigia bei hilo, kwa hiyo duka halina sababu ya kulitoa.

Kwenye mtumba mambo ni mengine kidogo. Pale unajua unanunua kitu kilichotumika Japani au Uholanzi, macho ni yako, na nionavyo wauzaji wa mtumba ni wakweli zaidi kwa sababu hawana boksi la kujificha nyuma yake. Tatizo lao linakuja kwenye spea. Jirani yangu ana baiskeli ya Kijapani ya kikapu, tairi limeandikwa 26. Akaenda dukani akaomba tairi la 26, akapewa, akalipa, fundi akahangaika nalo nusu saa haliingii. Kumbe ishirini na sita ziko zaidi ya moja. Ile ya Kijapani ya 26 x 1 3/8 inakaa kwenye rimu ya milimita 590, na ya maunteni, 26 x 1.95 kwa mfano, inakaa kwenye 559. Tofauti ni milimita 31, hata ukitumia vijiko vya nyumba nzima haliingii. Namba zenyewe zimechapwa pembeni mwa tairi, kama 37-590. Jirani hakuzijua, na hiyo si kosa lake. Muuzaji wa matairi ambaye hazijui, au anazijua na ananyamaza, huyo simtetei. Alikataa kulirudisha kwa sababu "limeshachafuka," na lilichafuliwa na fundi wa pale pale nje.

Kuna wanaosema suluhisho ni kuagiza Dar. Kurasa za Kariakoo kwenye Instagramu zinajibu saa nne usiku, "karibu sana mpendwa", unatumiwa video gurudumu likizunguka, unalipa kwa simu, mzigo unapanda basi. Kwa adabu wametupita mbali, na kwa aina za baiskeli pia. Lakini boksi likishafika stendi utalipeleka kwa nani? Kwa yule yule wa mwavuli. Na pedali ikichomoka siku ya kumi na mbili, mpendwa wa Kariakoo atakutumia emoji ya pole. Kijana wa Mbuyuni alinijibu hovyo, ila alinijibu nikiwa nimesimama mlangoni kwake, na wateja wengine wawili wanasikiliza. Usimdharau msikilizaji wa pembeni. Kwenye mji mdogo kama huu mara nyingi ndiye hakimu pekee utakayempata bure.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mzunguko wa nne nilikuwa sijapandisha sauti, nimeishika tu ile pedali mkononi. Mama mmoja aliyekuja kununua tyubu akauliza, "Sasa nyie mwenzenu atatembea na mguu mmoja?" Watu wakacheka. Mwenye duka akatoka nyuma, akaitazama krenki kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akatoa nyingine kwenye boksi la spea bila kusema kuwa ni bure na bila kusema kuwa ina bei. Fundi akaifunga bila kudai. Mimi nikamnunulia fundi chai, jambo ambalo hadi leo mke wangu anasema ni ujinga. Hakuna aliyekiri kosa.

Safari hii lakini pedali ya kushoto aliianza kwa vidole, taratibu, akiizungusha kinyume mpaka ikaingia yenyewe karibu yote, ndipo akachukua spana. Akainua kichwa.

"Kwani unapanda nayo wapi, bosi?"