Umekodi yoti uone mji, basi uone mji

Kuna klipu nimetumiwa na watu tofauti mpaka nimekasirika. Marafiki wamekodi yoti nzima, boti ya starehe, jioni, jua linazama, nyuma yao maghorofa ya mji mzima yamejipanga yanawaka, na hakuna hata mmoja anayeyatazama. Hata mmoja! Wote wamezipa simu uso na mji mgongo, spika inapiga huwezi kusikia hata maji, dada mmoja anapiga kelele nipige tena hiyo haijatoka, halafu klipu imeisha. Kwenye komenti watu wanasema maisha ndo haya. Mi nasema hapana, na naomba mnisikilize kabla hamjaniambia nina wivu.

Hela ni yao, hilo nakubali. Bethdei ni bethdei, mtu akitaka kucheza muziki majini acheze. Ninachogombea mimi ni kwamba kuutazama mji mkubwa kutokea majini, kwenye chombo ambacho wewe ndo unaamua kiende wapi na kisimame wapi, ni moja ya vitu vizuri kabisa vya kuona duniani, na hii biashara ya yoti za kukodi imepangwa kiasi kwamba mteja anarudi gatini hajauona huo mji. Amelipia mandhari kapewa spika.

Jambo lenyewe hasa ni umbali, na hapa nitakaa.

Manahodha wengi wa hizi safari wakitoka gatini wanashika njia ileile, mita 200 au 300 kutoka ufukweni, wanakwenda sambamba na pwani, wanageuza, wanarudi. Mafuta yanaenda kidogo, mawimbi kidogo, abiria hawatapiki, na muda wa kukodi unaisha salama. Mteja naye anafurahi kwamba yuko karibu na majengo. Jamani, ukaribu huo ndo unaomharibia! Chukua mfano, ufukweni kuna jengo la mita 100, na kilomita moja nyuma yake kuna mnara wa mita 400. Ukiwa mita 300 kutoka ufukweni, lile la mbele linauficha ule mnara wote, huoni hata ncha. Mnara ambao mji mzima unajivunia, umefichwa na jengo la kawaida tu. Sasa sogea mpaka kilomita 2. Lile la mbele linashuka, na mnara unasimama nyuma yake ukiwa mrefu machoni pako karibu mara 3 kulizidi. Mjini hakuna kilichobadilika, umesogea wewe. Hii ni hesabu ya pembe tuliyosoma wote shuleni, kaa na karatasi uipige. Na kwa mwendo wa kawaida wa kilomita 15 kwa saa, kutoka hizo mita 300 mpaka kilomita 2 ni dakika 7 hivi. Watu wamelipa masaa mawili matatu, wananyimwa dakika 7!

Na ukishafika huko ndo unaelewa kwa nini watu wa zamani waliofika bandarini kwa meli waliandika sana kuhusu kuuona mji kwa mara ya kwanza. Kutoka mbali mji unakuwa kitu kimoja chenye umbo. Manhattan kwa mfano, kile kisiwa cha katikati ya New York, ukiwa barabarani huwezi kujua kwamba maghorofa yake marefu yamejikusanya sehemu mbili, huku kusini ambako One World Trade Center imesimama na mita zake 541, na kule katikati ambako jengo la Empire State la mwaka 1931 bado inajulikana hata kwa mtoto, halafu kati ya makundi hayo mawili majengo yanashuka yanakuwa ya kawaida. Ukiwa majini kwa mbali unaliona hilo bonde kwa mtazamo mmoja, na ukishaliona mara moja hutaliacha kuliona tena.

Hong Kong ndo inaniuma zaidi. Pale nyuma ya maghorofa kuna milima, Victoria Peak peke yake ina mita 552, na wapanga mji wao wana mwongozo unaotaka sehemu ya juu ya milima ibaki bila kuzibwa na majengo, ukiangalia kutoka sehemu maalum zikiwemo za upande wa pili wa maji, Kowloon. Hebu fikiria hilo. Watu walikaa ofisini wakabishana kuhusu urefu wa majengo, kwenye mji ambao ardhi yake ni ghali kupindukia, kwa sababu walijali macho ya mtu aliyesimama ng'ambo. Mwaka 1997 wakaweka na sheria ya kuilinda bandari isiendelee kufukiwa, kwa hiyo hayo maji unayoelea juu yake kuna watu waliyapigania. Halafu wewe unapita hapo umegeuza mgongo unatafuta filta.

Lakini umbali nao una mwisho wake, na hapa kuna udanganyifu lazima niuseme. Niliwahi kualikwa kwenye yoti ya kukodi pale Dubai Marina, mtaa wa maghorofa uliojengwa kandokando ya mfereji wa bahari. Tangazo waliloliona wenyeji wangu lilikuwa na Burj Khalifa, ule mnara mrefu wa Dubai, kubwa imejaa nyuma ya boti. Tumetoka kwenye mfereji tumefika bahari wazi, watu wanauliza Burj iko wapi, nahodha ananyoosha mkono kaskazini mashariki, na kule kwenye utusitusi wa vumbi kuna kitu chembamba kimesimama. Ndo yenyewe hiyo. Kutoka Marina mpaka Burj Khalifa ni kama kilomita 20, na jengo hata liwe na mita 828, kwa umbali huo ukinyoosha mkono wako urefu wake unaishia kwenye upana wa kidole gumba au kuzidi kidogo sana. Siku za joto kali lenye unyevu unaweza usilione kabisa. Ile picha ya tangazo imepigwa kwa lenzi ya kuvuta, ambayo inavileta vitu vya mbali vikabanana na vya karibu, au imepigwa mahali pengine kabisa. Wageni wakaanza kumfokea nahodha, mtu ambaye hilo tangazo hakulitengeneza yeye. Iliniudhi sana ile. Mzee wa watu kanyamaza ameshika usukani.

Na huyo huyo ndo alikuja kutuonyesha kitu. Nilipanda juu nikamwomba, kapteni, kama inawezekana twende nje zaidi halafu uende polepole. Akaniangalia, akapunguza mwendo, tukatoka. Akaanza kunionyesha Cayan Tower, lile jengo lililojisokota la ghorofa 73, ambalo kila ghorofa imegeuzwa kidogo juu ya iliyo chini yake mpaka kufika juu jengo limegeuka nyuzi 90 kamili. Ukilitazama umesimama ni jengo zuri, basi. Ukilitazama boti ikiwa inatembea polepole linaonekana linazunguka. Kona yake iliyokuwa inakutazama inaondoka, upande mwingine unakuja, kuta za chini zinaelekea huku na za juu zinaelekea kule, na hapohapo minara ya nyuma yenye zaidi ya mita 400 inaanza kutoka mmojammoja kwenye mgongo wa majengo ya mbele, inapishana, mmoja unaingia nyuma ya mwenzake mwingine unachomoza. Hakuna picha ya mnato itakayokupa kitu hicho, na ukiwa ufukweni umesimama hukipati. Ni lazima wewe uwe unasogea, na usogee taratibu, maana boti ikikimbia yote yanapita kwa pamoja hujashika kitu. Nahodha alinieleza jengo gani litatokea kabla halijatokea, na kila mara lilitokea. Huyo mtu anaujua mji kutokea majini kuliko watu wengi wanaoishi ndani yake, na abiria zake wengi hawamwulizi chochote zaidi ya choo kiko wapi.

Mwanga nao. Watu wanakodi "ya sunset" kama vile sunset ni moja kila mahali. Angalia kwanza bahari iko upande gani wa mji! Pwani ya Dubai inatazama kaskazini magharibi, kwa hiyo jioni jua linatokea upande wa bahari linapiga majengo usoni, vioo vyote vinageuka dhahabu, na wewe kwenye boti jua liko nyuma yako. Hapo jioni ni sawa kabisa. Nenda Chicago, ziwa Michigan liko mashariki ya mji, jioni jua linazama nyuma ya maghorofa na unachopata ni vivuli vyeusi, uzuri wa aina yake sawa, lakini ukitaka kuona rangi na mistari ya Willis Tower na mita zake 442 ukiwa ziwani basi amka asubuhi. Na msimu wa ndege kuhama, majengo mengi ya Chicago yanapunguza taa zake usiku kuanzia saa 5 ili ndege wasipotee wakajigonga kwenye vioo, jambo ambalo naliunga mkono moyo wote, sasa anayekodi boti usiku wa manane kufuata taa ajue hilo. Istanbul ni kinyume, kule unavitaka vivuli. Ukiwa Bosphorus, yale maji ya bahari yanayoukata mji, upande wa mashariki wa Üsküdar jioni, kuba za misikiti ya Süleymaniye na Hagia Sophia na minara yake vinasimama vyeusi mbele ya anga jekundu, na Hagia Sophia imesimama pale tangu mwaka 537.

Halafu usirudi gatini jua likizama tu. Hili nasema kwa kuomba kabisa. Jua likishapotea kuna muda mfupi ambapo anga bado ni la bluu na taa za mji zimeshawaka, majengo yana umbo lake na taa zake kwa wakati mmoja. Karibu na ikweta jua linashuka karibu wima kwa hiyo muda huo hauzidi sana dakika 20 na kitu, ukienda kaskazini au kusini unarefuka. Baada ya hapo ni giza na unabaki na vitaa tu vinavyoelea, majengo yenyewe hayapo tena. Safari nyingi zimepangwa kuisha hapohapo jua linapogusa maji, yaani mteja anashushwa kitu kikubwa kikiwa ndo kinaanza, na kwa kuwa safari ilianza mapema ameungua na jua la saa 9 bure.

Picha pigeni, sina ugomvi. Ila jueni usiku boti inacheza na simu inataka itulie, mwambie nahodha apunguze mwendo kabisa, piga zako, weka simu mfukoni. Muziki pia uzimwe hata robo saa. Mji una sauti yake unayoisikia majini, mlio wa magari yote ukiwa umeungana kuwa kitu kimoja cha chini.

Sasa mtaniambia si upande feri tu. Ndio, na inanibidi nikubali ingawa sipendi. Feri ya Staten Island kule New York haina nauli tangu mwaka 1997, inachukua kama dakika 25, inapita karibu na Sanamu ya Uhuru na inakupa ncha yote ya kusini ya Manhattan tena kwa umbali mzuri. Star Ferry ya Hong Kong historia yake inaanzia mwaka 1888 na bado inavusha watu kati ya Tsim Sha Tsui na Central, na mfanyakazi anayerudi nyumbani jioni anaona kilekile anachokiona tajiri wa yoti, pengine kwa utulivu zaidi. Kwa mtu asiyeweza kukodi boti siwezi kumwambia amekosa. Lakini feri ina ratiba yake na njia yake, haikungojei. Huwezi kuiambia simama hapa, rudi nyuma kidogo, subiri taa ziwake. Hicho ndo kitu pekee cha maana unachokilipia ukikodi chombo peke yako, kuliko viti vya ngozi na hayo mabilauri, na ndo kitu ambacho karibu kila mteja anakiacha kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ni chake.

Kwa hiyo kabla hujalipa kianzio, ongea na nahodha mwenyewe, sio mtu wa kupokea simu. Muulize mnatoka umbali gani kutoka ufukweni, na hali ya bahari ikiruhusu mnaweza kwenda nje zaidi. Kuna mipaka ya bandari na njia za meli kubwa ambazo yeye anazijua, akikataa kwa sababu hizo usimbishie, na vesti za kuokolea zivaliwe bila mjadala. Muulize jua litakuwa upande gani. Omba muda uhesabiwe ili nusu saa ya mwisho iwe baada ya jua kuzama. Na mheshimu, mpe salamu, muulize majengo.

Na nyie wenye boti, nawasema kwa nguvu kwa sababu mnachokiuza ni kizuri kweli na mnakiharibu wenyewe. Andikeni kwenye tangazo njia boti inayopita na umbali wake kutoka ufukweni. Semeni mnara upi unaonekana na upi hauonekani kutoka kwenye gati lenu. Picha ya tangazo ipigwe kutoka kwenye sitaha ya boti hiyohiyo, kwa simu ya kawaida, bila kuvuta.