Wests Tigers na makocha wake: hasira za mashabiki zielekezwe kwa nani?

Oktoba 2025 Michael Maguire alitwaa ubingwa wa NRL, ligi kuu ya raga ya Australia, akiwa na Brisbane Broncos. Ni kocha yuleyule aliyefukuzwa na Wests Tigers ya Sydney Juni 2022. Ivan Cleary naye aliondoka Tigers mwishoni mwa 2018, akaenda klabu ya Penrith na kubeba kombe mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024. Andrew Webster, aliyeishika Tigers kwa muda mfupi mwaka 2017, alikuwa kocha bora wa ligi 2023 akiwa na Warriors ya Auckland. Shabiki wa Tigers akiitazama orodha hiyo ana kila sababu ya kuumia. Hadi msimu wa 2025 unamalizika, klabu yake ilikuwa haijacheza mtoano tangu 2011.

Kilio cha mashabiki kina pande mbili, na mara nyingi zinachanganywa. Wapo wanaosema uongozi hauna subira, unafukuza makocha wazuri. Wapo wanaosema uongozi unachagua vibaya tangu mwanzo. Dawa ya tatizo la kwanza si dawa ya la pili.

Tuanze na subira. Aliyezoea raga ya Kenya, ya wachezaji 15 au saba, ajue kwamba hii ni aina nyingine. Timu ina wachezaji 13, na ikikabwa mara ya sita inaukabidhi mpira kwa wapinzani, ndiyo maana baada ya kukabwa mara ya tano kwa kawaida inapiga teke. Mashambulizi yanaendeshwa na watu wanne: jezi namba 1, 6, 7 na 9. Hao wanahitaji misimu kadhaa pamoja ili kila mmoja ajue mwenzake atakuwa wapi bila kugeuza shingo. Luke Brooks, namba 7 wa Tigers, alianza 2013 chini ya Mick Potter, akapitia kwa Jason Taylor, Cleary na Maguire, akaondoka 2023 chini ya Tim Sheens. Makocha wakuu watano, ukiacha wa muda. Alicheza zaidi ya mechi 200 bila hata moja ya mtoano.

Ulinzi unaumia zaidi. Kocha mmoja anataka mabeki wapande kwa kasi kumfuata mwenye mpira, mwingine anataka wapande taratibu wakisogea kuelekea pembeni. Mchezaji aliyezoea la kwanza akipanda, na wa pembeni yake akafuata la pili, katikati panabaki upenyo wa mita mbili, na trai, yaani mpira kuwekwa chini nyuma ya mstari wa wapinzani, inapita hapohapo. Hilo haliponi kwa wiki mbili za mazoezi.

Hata hivyo, bodi iliyomfukuza Maguire haikukurupuka. Alimaliza wa 9 mwaka 2019, wa 11 mwaka 2020, wa 13 mwaka 2021, na 2022 timu ilikuwa inaelekea mkiani. Timu nane tu ndizo huingia mtoano. Kocha anayeshuka kila mwaka hawezi kutetewa kwa kombe alilokuja kulipata kwingine, kwenye kikosi kingine. Hapa nadhani mashabiki wengi wanaihukumu bodi kwa jambo ambalo wakati ule halikuwa likionekana.

Kosa kubwa liko kwenye wakati wa kubadilisha. NRL haina mfumo wa kugawiana chipukizi, na mishahara ina ukomo. Mchezaji anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine kuanzia Novemba 1, akibakiwa na mwaka mmoja wa mkataba. Maana yake kocha mpya anarithi kikosi na madeni ya mtangulizi wake. Wakati wa Cleary, Tigers iliwapa Josh Reynolds na Russell Packer mikataba ya miaka minne minne kuanzia 2018. Cleary akaondoka mwaka huohuo, na Maguire akabaki na hesabu hizo ndani ya ukomo wake. Kabla ya hapo, Taylor alifukuzwa Machi 2017 baada ya mechi tatu tu za msimu, wakati mikataba ya James Tedesco, Mitchell Moses, Aaron Woods na Brooks ilikuwa inaisha mwaka huo. Watatu wa kwanza waliondoka. Ukiamua kumwondoa kocha, mwondoe kabla nyota wako hawajaanza kuzungumza na wengine, la sivyo unawauliza wasaini kwa mtu wasiyemjua.

Uteuzi wa baada ya Maguire ndio unaostahili hasira hasa. Cameron Ciraldo alikataa kazi hiyo, akaenda klabu ya Canterbury na kuifikisha mtoano 2024. Tigers ikarudi kwa Sheens, aliyewapa kombe lao pekee mwaka 2005, na ikatangaza mapema kwamba Benji Marshall, shujaa wa kikosi kile, atarithi 2025 bila kuwahi kuwa kocha mkuu popote. Mpango ukaharakishwa, Marshall akaanza 2024. Klabu ilimaliza mkiani 2022, 2023 na 2024. Desemba 2023 mwenyekiti na mtendaji mkuu waliondoka pamoja baada ya tathmini huru.

Watetezi wa Marshall nao wana hoja. Jarome Luai alitoka kwa mabingwa Penrith kuja kwake, na 2025 timu ilipanda hadi nafasi ya 13 kati ya 17. Lakini katikati ya msimu huohuo Lachlan Galvin, kijana wa namba 6 aliyelelewa klabuni, alikataa kuongeza mkataba, akahamia Canterbury. Luai ndiye aliyebaki kuongoza mashambulizi msimu huo. Kumwondoa Marshall kabla kikosi alichokisajili mwenyewe hakijacheza msimu mmoja kamili ni kumkabidhi mtu wa saba mikataba ya mtu wa sita.