Gitaa Halihitaji Jukwaa

Mtu mzima akionekana na gitaa mgongoni hapa Dodoma, swali la kwanza atakaloulizwa ni anapigia kwaya gani. Akijibu kwamba hana kwaya, ataulizwa ni bendi ipi anataka kujiunga nayo, na akikana hilo pia, watu humshangaa kama mtu aliyenunua jembe ilhali hana shamba wala nia ya kulima. Siwalaumu wanaouliza. Katika mji huu gitaa limelelewa sana kanisani, na vijana wengi wanaolipiga vizuri walijifunza kwenye mazoezi ya kwaya ya jioni, ambako kila anayefundishwa hutarajiwa kuhudumu. Hata hivyo nina maoni tofauti, na ninayashikilia kwa dhati: gitaa linamfaa kabisa mtu asiyekusudia kupanda jukwaani hata siku moja, na furaha yake haipungui kwa kukosa wasikilizaji.

Mimi ni mtumishi wa umma, mmoja wa wale waliohamia huku baada ya serikali kuanza kuhamishia shughuli zake Dodoma mwaka 2016. Wenzangu wengi waliacha familia Dar es Salaam, wakapanga nyumba Ilazo, Kisasa au Nkuhungu, na wakajikuta na jioni ndefu ambazo zamani zilikuwa zikiishia kwenye foleni. Jioni hizo zina njia nyingi za kupotea, na simu ya mkononi ndiyo njia pana kuliko zote. Za kwangu nilizipa gitaa, nikiwa nimeshapita umri ambao watu huanza mambo ya namna hii, na sijaona jambo jingine la gharama hiyo lililonipa furaha ya kudumu kiasi hiki.

Mwanzo wake una maumivu, na ni vyema mtu akayajua mapema. Ncha za vidole vya mkono wa kushoto huuma kwa wiki kadhaa mpaka ngozi iwe ngumu, na kucha za mkono huo hazina budi kukatwa zikaribie nyama, jambo ambalo kwa mwanamke aliyezoea kutunza kucha zake si dogo. Kisha inadhihirika kwamba kushika kodi moja, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si kazi. Kodi ya C unaweza kuishika siku ile ile ya kwanza. Kazi ni kutoka C kwenda F bila mdundo kukatika, kwa sababu kwenye F kidole cha shahada hulazwa ili kibane zaidi ya uzi mmoja kwa pamoja, na mkono mzima hutaka kukakamaa. Kijana anayenifundisha, mpigaji wa kwaya ya mtaani kwetu, hunirudia neno lile lile kila ninapofika hapo: “Mama, usiukaze mkono. Ukikaza, sauti inakufa.” Nami humwita mwalimu, ingawa ni wa umri wa mwanangu. Akifika nyumbani hunipa shikamoo yake kwa adabu zote, kisha tukishakaa na magitaa yetu, yeye ndiye anayeelekeza na mimi ndiye ninayejaribu tena. Kwa mtu wa makamo, ambaye ofisini anatarajiwa kuwa na majibu kila saa, kuwa mwanafunzi halisi wa kijana ni raha ya peke yake.

Kuna raha nyingine inayotokana na hali ya kazi zetu. Jalada ninalolishughulikia leo huenda likapata uamuzi baada ya miezi, na likishapata, si rahisi kujua mchango wangu uliishia wapi. Kwenye gitaa jibu linakuja papo hapo. Uzi uliobanwa vibaya unakwaruza; ukisogeza kidole kidogo tu kuelekea kwenye freti, ule ukingo wa chuma uliopandwa shingoni, sauti inatakata. Kosa na marekebisho yake vinakaa ndani ya sekunde chache, na hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa wala wa kupongezwa. Halafu inafika jioni ambayo mkono unahama wenyewe kutoka kodi hadi kodi, huku akili ikiwa kwenye maneno ya wimbo, na hapo unatambua kwamba mwili umejifunza jambo ambalo kichwa hakikulisimamia. Kwa kodi tatu tu, G, C na D, mtu anaweza kusindikiza mapambio mengi anayoyajua tangu utotoni, na hahitaji kungoja awe fundi ndipo afurahi.

Hayo yote, hata hivyo, nimeyaweka chini ya jambo moja ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Gitaa hubadilisha masikio ya anayejifunza. Nilikua katika nyumba ambayo redio iliwashwa asubuhi na kuzimwa usiku, na muziki wa dansi ulipita masikioni mwangu miaka yote hiyo kama sauti moja nene, yenye mwimbaji mbele na vyombo nyuma. Sikujua kwamba ndani yake mlikuwa na mazungumzo. Baada ya kujifunza kodi na kuzoea mdundo, nilizisikiliza upya nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, yule mpigaji wa Morogoro aliyevuma na Morogoro Jazz kisha Super Volcano kabla ya kufariki mwaka 1979, na nikawa kama ninayezisikia kwa mara ya kwanza. Gitaa la ridhimu linashika kipande kifupi na kukirudia bila kuchoka. Solo linamsubiri mwimbaji amalize mstari, ndipo linamjibu. Besi nalo halikanyagi pale unapolitarajia, bali linaacha nafasi tupu ambayo mguu wa mchezaji ndio unaoijaza. Hakuna gitaa hata moja kati ya hayo linalobeba wimbo peke yake. Ukijaribu kupiga kipande cha ridhimu pekee, kinaonekana kitu kidogo mno, na hapo ndipo unapoelewa nidhamu ya mpigaji aliyekishikilia wimbo mzima ili mwenzake apate kung'ara.

Masikio yakishafunguka hivyo hayafungi tena. Nilirudi nyuma zaidi, hadi kwa Jean Bosco Mwenda wa Katanga, nchini Kongo, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 na ambaye aliimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili cha huko kwao. Mwenda alipiga gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, kwa vidole viwili, gumba na shahada, gumba likitembea kwenye nyuzi nene huku shahada ikiimba kwenye nyembamba, na mtu asiyelijua gitaa anaweza kuapa kwamba walikuwa wapigaji wawili. Anayelijua kidogo anajua ni mmoja, na kustaajabu kwake ni kukubwa zaidi, kwa kuwa ameshajaribu kulifanya gumba liende njia yake na shahada njia nyingine, na ameona vidole vyote viwili vikikimbilia upande mmoja. Kujifunza kwa kiwango cha chini namna hiyo kunatosha kumpa mtu heshima mpya kwa mafundi, na heshima hiyo ni sehemu ya starehe yenyewe.

Kwa sisi tunaoishi katika nchi ya Wagogo, gitaa lina zawadi ya ziada ambayo mwanafunzi wa mji mwingine huenda asiitafute. Ukigusa uzi mtupu kwa wepesi juu ya freti ya 12, bila kuubonyeza, kisha ukauchuna, hutoka sauti nyembamba kama filimbi, kwa kuwa hapo ni nusu kamili ya urefu wa uzi: kwenye gitaa la kawaida la nyuzi za nailoni, uzi una sentimita 65 na freti ya 12 iko kwenye sentimita 32.5. Ukigusa juu ya freti ya 7 unagawa uzi sehemu tatu na kupata sauti ya tatu, juu ya freti ya 5 sehemu nne na kupata ya nne, na ukiendelea kusogea kuelekea kichwani mwa gitaa unapata sauti ya tano na ya sita, kila moja ikiwa juu ya iliyotangulia. Ya saba inapatikana nyuma kidogo ya freti ya 3, mahali ambapo hakuna alama yoyote, na inataka subira kuipata. Sasa, Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyechunguza muziki wa Wagogo, alieleza kwamba mpangilio wa sauti zao unafuata ngazi hiyo hiyo ya asili, kuanzia sauti ya nne na kupanda hadi kufikia ya tisa au ya kumi. Hiyo sauti ya saba ndiyo inayoupa uimbaji wa Kigogo ladha yake, na hakuna freti inayoitoa, kwa sababu iko chini ya sauti ya freti iliyo karibu nayo kwa takriban theluthi ya hatua ya freti moja.

Nilipoipata sauti hiyo kwenye gitaa langu, nililiweka chini nikatafuta rekodi za Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuufikisha muziki wa zeze na ilimba, chombo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya Ulaya na kwingineko. Ilikuwemo. Nilikuwa nimeisikia kwenye sherehe za vijijini, kwenye nyimbo za akina mama wanaopiga ngoma ya muheme, na nilikuwa nikidhani ni namna tu ya koo za watu wa huku. Kumbe ni hesabu kamili, inayokaa ndani ya kila uzi uliokazwa, na Wagogo waliichagua na kuilea wakati wanaotengeneza magitaa waliiacha. Sijui kama ningeyajua haya kwa njia nyingine yoyote, maana kusoma maelezo yake ni jambo moja, na kuitafuta sauti ya saba kwa ncha ya kidole chako ni jambo jingine.

Yapo wanayoyasema watu dhidi ya haya. Kuhusu umri nitasema kidogo tu: anayetaka kuwa mpigaji wa bendi kubwa ana haki ya kuhesabu miaka, lakini anayejifunza kwa ajili ya nafsi yake hana mtihani wa kuuwahi. Kuhusu uanamke, nimeambiwa kwa upole zaidi ya mara moja kwamba gitaa ni la vijana wa kiume. Katika mkoa ambao wanawake ndio wenye kupiga muheme, ngoma kati ya mapaja na mikono yote miwili ikifanya kazi, hoja hiyo haina pa kusimama. Kuhusu wenye nyumba na majirani, gitaa kavu la nyuzi za nailoni halivuki ukuta kwa sauti ya kuudhi, na ni jepesi kwa vidole vya anayeanza. Nyuzi hizo zenyewe si za zamani sana. Hadi miaka ya 1940 wapigaji walitumia nyuzi za utumbo wa mnyama, na nailoni ikashika nafasi yake kwa msaada mkubwa wa Andrés Segovia, mpigaji wa Hispania aliyezikubali mapema.

Hali ya hewa ya huku inastahili tahadhari ambayo wauzaji hawaitaji. Kuanzia Mei hadi Novemba hewa ya Dodoma hukauka, na mbao za gitaa hukauka pamoja nayo. Ubao ukinywea, ncha za freti huchomoza kando ya shingo na kuchoma kiganja, na ukiachwa zaidi hupasuka. Watengenezaji wengi hupendekeza unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri, kikawekwa ndani ya kijaluba cha sabuni chenye matundu na kufungiwa kwenye mkoba pamoja na gitaa, kinatosha kulinda chombo kwa msimu mzima, mradi kiloweshwe tena kila kikikauka. Kulitundika ukutani chini ya bati lisilo na dari, au kuliacha ndani ya gari mchana, ni kuliharibu. Gundi hulegea na daraja la nyuzi, kile kibao zinakofungwa, hunyanyuka.

Jambo la mwisho linamhusu anayenunua. Gitaa la bei nafuu mara nyingi huuzwa likiwa na nyuzi zilizokaa juu mno ya shingo, na anayeanza hudhani tatizo ni vidole vyake. Pima pengo lililopo kati ya uzi mnene na freti ya 12: kwenye nyuzi za nailoni milimita 4 zinatosha, na kwenye nyuzi za chuma hata 2.5. Likizidi hapo kwa dhahiri, kile kipande cheupe kilichosimama kwenye daraja kinaweza kuchomolewa na kusuguliwa upande wa chini kwa msasa, ukikumbuka kwamba ili uzi ushuke milimita 1 kwenye freti ya 12, kipande hicho kinapunguzwa milimita 2. Fundi seremala mwangalifu anaifanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Wenzangu ofisini waliokuwa wameyaacha magitaa yao juu ya makabati kwa sababu vidole viliwashinda wamekwisha kufanyiwa marekebisho hayo, na baadhi yao sasa wanapiga kuliko mimi.