Tuzo za peva zingoje mvua kwanza

Kuna mtu ametuma kwenye grupu letu picha za washindi wa tuzo za usanifu, zile za kuta za bloku na sakafu za peva, vile vitofali vya zege vya kulaza uani, nadhani alitaka tuone wivu, na sikatai ni nzuri, kona zimekatwa kwa msumeno, rangi zimepangwa, nyasi ya kijani pembeni. Nikazipitia moja moja natafuta tairi. Sikuona hata moja. Hakuna doa la oili, hakuna boda, hakuna mtoto, hata jani lililoanguka hakuna! Hizo peva hazijafanya kazi hata siku moja na tayari zimeshinda.

Sasa unaipaje tuzo sakafu ambayo haijakanyagwa?

Aliyejenga hapa Kampala anajua. Kompaundi inamalizwa Desemba ili wageni wa Krismasi waone, inang'aa, kila mtu anapiga selfi. Ngoja mvua za Machi mpaka Mei. Halafu ngoja lile gari la kunyonya choo liingie tupu na litoke limejaa, hapo ndio utajua kama ulipata fundi au ulipata msemaji. Unaona mitaro miwili ya tairi kutoka getini mpaka kwenye tangi, maji yametuama humo, mbu wanafurahi, na kuna ile peva moja iliyolegea ambayo ukiikanyaga asubuhi umevaa suruali ya ofisi inakutemea tope mpaka gotini. Mimi nimetemewa mbele ya jengo moja la maana kabisa hapa mjini, lina bustani na askari anapiga saluti, silitaji.

Kazi ya peva iko chini, jamani. Udongo ulishindiliwa? Maramu, ule udongo mwekundu wa kokoto, iliwekwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likapigwa kompakta, au lori lilimwaga yote mara moja mapoota, yaani vibarua, wakasawazisha na reki wakaenda kula? Ule mchanga wa kulazia ni sentimita 3 hivi kila mahali, au waliutumia kuficha mashimo, hapa 2 pale 10? Peva ni za milimita 60 ambazo ni za miguu na gari ndogo, au 80 zinazobeba lori? Pembeni kuna kabu, ule ukingo wa kuzuia peva, iliyoshikwa na zege? Bila kabu peva za ukingoni zinaanza kuhama, mchanga unatoka na maji, na sisi huku ni vilima vitupu, maji yanashuka kwa hasira, safu ya kwanza ikiachia ya pili inaifuata. Hata mpangilio wenyewe, ule wa mfupa wa samaki unaishinda mingine yote pale gari linapokata kona au kufunga breki, lakini kwenye picha yote inapendeza sawa. Kamera haioni hata kimoja cha hivi. Fundi mmoja aliniambia waziwazi, "Bosi, wewe unalipia ya juu, ya chini nani ataiona?" Nikamfokea. Lakini mbona majaji wa tuzo wanampa haki?

Haya, ukuta wa bloku una afadhali, ukipinda timazi inasema siku hiyo hiyo. Na nitakubali, shingo upande, kwamba hizi tuzo zimewafanya maakitekti waache kuona bloku ya zege ni kitu cha kufichwa na plasta. Australia kwenye tuzo za Think Brick kuna kipengele kizima cha bloku za zege, kimepewa jina la Kevin Borland, akitekti wa huko, na sawa, wameheshimu bloku.

Lakini msiniambie haiwezekani kungoja. Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan ipo tangu 1977, inatolewa kila miaka 3, jengo lazima liwe limetumika angalau mwaka mzima na wanatuma mtaalamu afike pale pale aangalie. Maakitekti wa Marekani wana tuzo ya majengo yaliyotimiza miaka 25! Mimi siombi 25, naomba misimu miwili ya mvua na gari moja la choo.

Na jina la aliyelaza zile peva liandikwe pia, sio la mwenye nyumba na akitekti tu.

Najua jibu lao, ati wadhamini ndio wanaouza bloku na wanataka kuuza mwaka huu, hawana muda wa kungoja tope. Basi waseme ni tangazo la biashara, wachapishe kalenda, sisi tutaitundika sebuleni bila kinyongo. Wakisema ni ubora, jaji avae gambuti aje mwezi wa tano, aje na uzi na pima maji, aanzie pale getini.